Ndoo ya Mzee Gušti

Barabara ya bwawani ilikuwa imefunguliwa tena tangu alfajiri, lakini hakuna gari lililopita. Inspekta Irma Kozlevčar alisimama ukingoni, mikono ndani ya mifuko ya koti, akitazama mtaro ambamo mzee Avguštin Medle, ambaye kijijini walimwita Gušti, aliangukia juzi jioni na asiinuke tena. Tarishi ndiye aliyemkuta jana asubuhi. Umande ulikuwa umemgandia kwenye nyusi.

Upande wa msituni uzio wa plastiki ya kijani ulisimama kama kila mwaka mwezi wa tatu, ukianzia kwenye kinu cha zamani na kuishia darajani, urefu wake haupiti goti. Kandokando ya uzio ndoo zilikuwa zimefukiwa ardhini, midomo ikiwa sawa na udongo. Chura akitoka msituni kwenda bwawani kutaga, anakutana na uzio, anaufuata, anatumbukia. Jioni na asubuhi watu wanaojitolea wanapita na ndoo zao za mkono, wanawaokota, wanawavusha barabara na kuwaachia majini. Mvua ya kwanza yenye joto ikinyesha, kijiji kizima kinajua ni akina nani walioacha chakula mezani.

Mzee Gušti alikuwa mmoja wao. Juzi zamu ilikuwa yake, peke yake. Kuna gari lilimgonga, na mwenye gari hakumwambia mtu.

"Afande," sajini Blaž akasema nyuma yake, "mwendesha mashtaka amepiga simu tena. Hakimu atamsikiliza Ciril mchana huu. Anauliza kama tuna la kuongeza."

"Mpaka sasa tuna nini?"

"Tuna taa ya mbele iliyovunjika kwenye gari lake. Tuna baa nzima iliyomsikia akisema ipo siku atampitia mmoja wa hawa wachunga vyura. Na tuna uongo wake. Alisema alikuwa nyumbani, mama yake anasema hakuwepo."

"Na vipande vya kioo vilivyookotwa hapa?"

"Viko maabara, Ljubljana. Majibu si ya leo wala ya kesho."

"Kwa hiyo anakwenda mahabusu kwa maneno ya baa."

"Na taa, afande."

"Na taa," Irma akakubali.

Ciril Jerič alikuwa mkulima, hana mke, ana mama asiyeweza kutembea bila kushika ukuta na zizi la ng'ombe wa maziwa. Hakimu akimfungia wakati uchunguzi ukiendelea, zizi lingekuwa tupu kabla ya Pasaka. Kila mtu bondeni alilijua hilo. Wengine walisema amejitakia.

Kutoka upande wa kinu mwanamke alikuwa anakuja kwa miguu, kitambaa cha maua kichwani, ndoo mkononi, akiinama kwenye kila ndoo ya ardhini na kuinuka tena. Hakuwa na haraka. Alipowafikia alikuwa anahema.

"Irma, mwanangu. Mbona umekonda? Huko polisi hawapiki?"

"Wanapika, mama Zvonka. Hatuli tu."

"Wewe hata shuleni ulikuwa huli. Karoti zote ulikuwa unamwekea mwenzako."

Zvonka Grabnar alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya bonde zima mpaka alipostaafu. Hakuna polisi, daktari wala padri wa sehemu ile ambaye hakupakuliwa supu na mkono wake. Alikuwa pia ndiye aliyeanzisha kuvusha vyura, akamvuta Gušti, akawavuta wengine. Sasa macho yake yalikuwa mekundu, na pua imechubuka kwa leso.

"Unafanya kazi peke yako leo?" Irma akauliza.

"Nani mwingine? Wengine wanaogopa kupita hapa. Lakini wanyama hawajui kama kuna msiba." Akaichungulia ndoo yake. Chini, juu ya majani mabichi, madume kadhaa yalikuwa yamekaa bila kusogea. "Hata hivyo hawa ni wachache. Tangu juzi usiku baridi iliposhuka wameganda huko huko msituni. Wanatembea kukiwa na mvua na joto. Baridi ikija hata katikati ya safari, wanasimama hapo walipo. Leo itanyesha, utaona. Leo watatoka wote."

"Umekuja kwa miguu kutoka kwako mpaka hapa?" Blaž akauliza. "Gari vipi?"

"Liko mjini Novo Mesto kwa mwanangu. Anabadilisha matairi ya baridi."

"Fundi Pepi wa nyuma ya kanisa amefunga?"

"Pepi ana foleni, nitangoja mpaka lini?" Akamkabidhi Blaž ndoo. "Shika, mwanangu, unasaidia au unatazama?"

Wakavuka barabara wote watatu. Mama Zvonka alishuka mpaka kwenye mti ulioinamisha matawi majini, akaweka vyura mmoja mmoja, akiwasukuma kwa kidole nyuma kama anayesukuma watoto waingie darasani. Hakumwaga. Alisuuza ndoo kwa maji ya bwawa, bila sabuni, kwa sababu sabuni inaunguza ngozi yao, akampa Blaž tena. Blaž akaiweka chini ya mti uliopigiliwa misumari kwa ajili ya ndoo.

"Pindua," mama Zvonka akasema. "Tundika. Ukiiacha chini chura anaingia, mvua inajaa, asubuhi unamkuta amekufa. Miaka yote nimesema. Gušti hakunisikia mpaka ameondoka. Ndoo yake ilikuwa inalala chini ya mti huu kama mlevi." Akacheka, kisha kicheko kikamgeuka, akajifuta kwa ncha ya kitambaa. "Nendeni kazini. Na mle kitu."

Blaž akatundika. Irma alikuwa anatazama saa na kumfikiria Ciril.

*

Kituoni, simu ya daktari ilimkuta kabla hajavua koti. Alisikiliza amesimama. Aliuliza mara mbili, "Una hakika?" Alipokata simu alikaa, akabaki na mkono juu ya simu.

"Wamesemaje?" Blaž akauliza.

"Nyonga na mguu. Kichwa kimechubuka tu. Hakuna jeraha la kumuua mtu."

"Sasa kimemuua nini?"

"Baridi. Alizimia, kisha akazinduka. Kucha zake zimejaa udongo wa mtaro. Alikuwa anajaribu kupanda." Irma akavua koti, akalitundika vizuri kuliko ilivyohitajika. "Mtu angepiga simu, sasa hivi angekuwa hospitalini anagombana na wauguzi. Mlete Ciril."

Ciril aliletwa na pingu, ndevu za siku mbili, harufu ya zizi bado kwenye sweta. Juu ya meza kulikuwa na ndoo ya mzee Gušti ndani ya mfuko wa nailoni, ikisubiri kupelekwa Ljubljana. Ciril aliiona, akavuta kiti nyuma mpaka kikagusa ukuta.

"Hiyo ilikuwa na vyura?"

"Ilikuwa."

"Iondoeni mezani, tafadhali. Siwezi kuongea ikiwa hapo."

"Unaogopa ndoo?" Blaž akauliza.

"Ndoo siiogopi. Naogopa waliokaa ndani yake. Bibi yangu alinitia chura shingoni nikiwa mdogo ili niache kukojoa kitandani."

"Uliacha?"

"Kukojoa niliacha. Na kulala pia."

Blaž alitaka kucheka, akamtazama Irma, akaacha. Irma hakuiondoa ndoo. Aliisukuma kidogo kuelekea kwa Ciril. Ciril akainuka kwenye kiti, uso umekuwa mweupe, mikono yenye pingu imekwenda kifuani. Haikuwa kuigiza. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Kaa," Irma akasema, akaishusha ndoo sakafuni nyuma yake. "Juzi jioni hukuwa nyumbani. Ulikuwa wapi?"

"Nilishasema."

"Ulishadanganya. Mchana huu utamdanganya na hakimu, halafu utaozea ndani. Ng'ombe wako nani anakamua?"

Ciril akatazama mikono yake. "Sijui. Mama alipiga simu hapa, akasema kuna mtu amekuja jana jioni na leo alfajiri akawakamua, hakumwona ni nani. Nikadhani ni jirani yangu Stane."

"Ulikuwa wapi?"

Akapumua kwa nguvu. "Kwa huyo huyo Stane. Kule juu kwenye kibanda chake cha mizabibu. Tulipogoa mchana, jioni tukanywa. Tulikunywa sana. Nikashuka na gari kwa njia ya juu, na kwenye lango lake nikagonga nguzo. Stane hajui bado, alikuwa amelala juu ya meza."

"Na hilo ndilo ulilolificha?"

"Mkijua niliendesha nimelewa mtachukua leseni. Maziwa nitayapeleka kwa mgongo?"

"Unashukiwa umeua mtu, Ciril, na wewe unalinda leseni."

"Nilijua sikuua. Nikadhani hata nyinyi mtajua, ndiyo kazi yenu." Akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta. "Yule mzee nilikuwa simpendi. Kila mwaka anakwenda kwenye baraza la mji kudai barabara ifungwe jioni kwa ajili ya vyura, na mimi maziwa yangu yanapita hapo hapo. Lakini nikimgonga ningesimama. Ningemwambia, unaona sasa, nilikuambia. Halafu ningemkimbiza hospitalini nikimtukana njia nzima."

Irma alimwamini kuhusu matusi. Kwa hayo mengine alimtuma Blaž kwenye kibanda cha mizabibu.

Blaž alirudi viatu vimejaa tope. Nguzo ya lango ilikuwa imelala, na kwenye nyasi kulikuwa na vipande vya taa, rangi ya gari la Ciril imeng'ang'ania kwenye mbao. Stane alikuwa amesimama pale amejishika kiuno, akiuliza ni mshenzi gani. Ng'ombe hakuwakamua yeye. Alisema alifika zizini jana jioni akakuta maziwa yameshachujwa na vyombo vimeoshwa.

"Taa yake imevunjikia kule," Blaž akasema. "Lakini mwendesha mashtaka atasema aligonga vyote viwili."

"Atasema hivyo." Irma alikuwa ametandaza mezani picha zilizopigwa jana asubuhi pale bwawani, kwa mpangilio wa uzio wenyewe, kuanzia kinuni mpaka darajani. "Njoo utazame. Hizi ndoo za ardhini, za upande wa kinu. Unaona nini?"

"Majani. Kijiti cha wadudu kupanda watoke. Hakuna chura."

"Na kuanzia hapa katikati kwenda darajani?"

Blaž akainama. Kuanzia katikati ndoo zilikuwa zimejaa, migongo juu ya migongo, madume yamepanda majike, wengine wamenyoosha mikono kwenye kuta za plastiki.

"Wamejaa," akasema. "Labda usiku walipita upande huo zaidi."

"Usiku hawakupita popote. Baridi ilishuka, wakaganda. Umemsikia mama Zvonka asubuhi." Irma aliweka kidole kwenye picha ya mtaro. "Gušti alianzia kinuni, akaokota mpaka hapa katikati. Hapa ndipo alipogongwa. Hizi nyingine hakuwahi kuzifikia."

"Lakini tulisema alikuwa amemaliza kazi, anarudi nyumbani. Ndoo yake ya mkono ilikuwa imeshatundikwa ng'ambo."

"Ndiyo. Tulisema."

Akachukua picha ya mwisho, ya mti wenye misumari. Ndoo ya Gušti ilikuwa juu ya msumari, imepinduliwa, safi, na mkono wake wa waya umekunjwa kwa ndani ili usigongegonge upepo ukija. Blaž aliitazama muda mrefu. Kisha akasema taratibu, kama anayejaribu barafu kwa mguu, "Ndoo ya Gušti ilikuwa inalala chini kama mlevi."

"Mtu amemgonga," Irma akasema. "Kisha akaichukua ndoo, akavusha wale vyura, akawaachia majini, akaisuuza, akaitundika. Halafu akaondoka."

"Nani mwenye akili zake anafanya hivyo?"

"Mtu ambaye mikono yake imezoea. Ciril asingeigusa hata kwa fimbo. Mgeni angeiacha pale au angeitupa porini."

"Wanaojitolea ni wengi, afande."

"Ni wengi. Wangapi wamepeleka gari Novo Mesto kubadilisha matairi, na Pepi yuko nyuma ya kanisa?"

Blaž alivuta kiti akakaa. Alikuwa mtoto wa bonde lile, naye pia alikuwa amekula supu ile. "Huenda ni bahati mbaya tu," akasema. "Huenda Pepi ana foleni kweli."

"Mpigie."

Alipiga. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Pepi alisema tangu Jumatatu amekaa anacheza karata na mbwa.

*

Jikoni kwa mama Zvonka kulikuwa na joto na mvuke. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya jiko. Nyingine zilikuwa zimeoshwa na kutundikwa ukutani, zimepinduliwa, zenye mikono ya waya iliyokunjwa kwa ndani. Irma aliziona alipoingia, akavua kofia. Blaž alibaki karibu na mlango.

"Kaeni. Supu ina karoti, lakini leo utakula," mama Zvonka akasema. "Ya mama yake Ciril nimeshatenga pembeni. Jana nilimpelekea, akala vizuri, maskini. Nilimwambia mwanao watamwachia. Si watamwachia?"

"Anakwenda kwa hakimu mchana huu."

"Lakini hana kosa."

"Umejuaje?"

Mwiko ukasimama kidogo, kisha ukaendelea. "Ciril? Nimemlisha miaka minane. Mdomo tu."

Irma hakukaa. "Mama Zvonka, nimekuja nikuambie jambo kabla hujalisikia dukani. Ni kuhusu ndoo ya Gušti."

"Ndoo?"

"Aliyemgonga aliikanyaga na gari. Vyura walikutwa barabarani wamepondwa. Wote, na majike yenye mayai. Mafundi wetu walisafisha kabla hamjafika, ndiyo maana hamkuona."

Mama Zvonka aligeuka. Uso wake ulikuwa wa mpishi aliyeambiwa kwamba chakula chake kimeua mtoto.

"Nani amesema?"

"Mafundi."

"Wamekosea."

"Wana picha."

"Nasema wamekosea. Hakuna hata mmoja aliyebaki barabarani. Niliangalia mpaka chini ya matairi. Wote walifika majini."

Baada ya hapo jikoni kukabaki sauti ya supu tu. Blaž alitazama sakafu. Mama Zvonka alizima jiko, akaweka mwiko juu ya kisahani, akaufuta mkono kwa aproni, kidole kwa kidole, kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Umenidanganya, Irma," akasema. "Mtoto mdogo, umenidanganya."

"Ndiyo."

"Hawakufa."

"Hawakufa, mama. Hakuna aliyekufa pale barabarani."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Alisimulia bila kuulizwa. Alikuwa anatoka darajani kwenda kumsaidia Gušti, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na alijua vyura watakuwa wengi kwa mtu mmoja mwenye goti bovu. Alikuwa anaharakisha. Alikuwa anatazama chini, barabarani, asimkanyage chura. "Unaelewa? Nilikuwa natazama chini. Mtu sikumwona kabisa. Nilisikia tu." Alishuka, akamwita. Akamshika uso. Macho yalikuwa wazi na mvua ilikuwa inaingia ndani yake, na hakupepesa. Ndoo ilikuwa imeanguka, vyura wametawanyika kila upande, wengine wanaelekea katikati ya barabara.

"Vyura walikuwa wanatembea," akasema, "na yeye hatembei. Basi nikawaokota. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nilijisema nikimaliza hawa nitapiga simu. Nikawavusha. Nikasuuza ndoo. Nilipoitundika nikawasha gari nikaja nyumbani, nikakaa hapo ulipo wewe. Nikasema, nikipiga simu sasa watauliza mbona sikupiga mapema. Halafu nikasema, wakijua ni sisi wenyewe tumeuana, baraza litacheka. Barabara haitafungwa kamwe, na Gušti alilililia jambo hilo maisha yake yote. Kila nilipotaka kunyanyua simu muda ulikuwa umeshapita zaidi."

"Na Ciril?"

"Nilisema hana kosa, watamwachia. Wewe ni mwerevu, nilijua utamwachia. Nimekwenda jana jioni na leo alfajiri kuwakamua ng'ombe wake, wasiumie matiti."

"Hakimu angemfungia leo, mama Zvonka. Ungeendelea kukamua mpaka lini?"

Mama Zvonka alichukua chembe ya mkate mezani akaiviringisha chini ya kidole. Irma alitoa simu, akampigia mwendesha mashtaka, akazungumza maneno machache. Ciril apelekwe nyumbani. Kuhusu leseni wataongea baadaye. Alipomaliza, mama Zvonka alikuwa anamtazama, na katika uso ule wote kulikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki anachokiomba.

"Alikufa palepale, sivyo?" akauliza. "Nilimshika uso. Hakupepesa. Ni palepale, sivyo, mwanangu?"

Blaž aliinua macho. Kwa uso alimwomba Irma, waziwazi, kama ambavyo mtu angemwomba dada yake.

Irma alivuta kiti, akakaa mbele ya yule mama, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Nimeshakudanganya mara moja leo," akasema. "Mara ya pili siwezi. Litasomwa mahakamani mbele ya watu wote, na ni afadhali ulisikie hapa jikoni kwako."

"Basi usiseme."

"Alizinduka. Alijaribu kupanda kutoka mtaroni. Ni baridi iliyomuua, na baridi ilikuja baadaye."

Macho ya mama Zvonka yalikwenda kwenye sufuria zake ukutani, moja baada ya nyingine, kama anazikagua.

"Nilipokuwa nasuuza ile ndoo," akasema mwishowe.

"Alikuwa hai."

"Nilichukua muda mrefu. Ilikuwa na tope, nikaisugua kwa majani. Niliisugua vizuri."

Aliinuka. Alivua aproni, akaikunja, akavaa koti lake la kazi, kisha akalivua na kuvaa la kanisani. Alifunika supu. Mlangoni alimwambia Blaž ile ya mama yake Ciril iko kwenye chungu cha bluu, mtu aipeleke ikiwa bado moto, na Blaž akasema ataipeleka yeye mwenyewe.

Nje mvua ilikuwa imeanza, nyembamba, yenye joto, na mbingu zilikuwa zimeshuka mpaka kwenye miti kama jioni imewahi kuja. Alisimama akaipokea kwa kiganja.

"Leo watatoka," akasema. "Na zamu ni yangu."

Walimkalisha kiti cha nyuma, bila pingu, Irma akaketi kando yake. Njia ya mjini ilikuwa ile ile ya bwawani. Walipopita daraja, uzio wa kijani ukaanza kuonekana mkono wa kushoto, unang'aa kwa maji, na ng'ambo ule mti wenye misumari na ndoo zake zimepinduliwa, msumari mmoja mtupu.

Mama Zvonka akasogea mbele, akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti cha dereva.

"Polepole hapa, mwanangu," akamwambia Blaž.

Blaž akaondoa mguu kwenye mafuta. Wakapita pale kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na mama Zvonka hakuuangalia mtaro. Alitazama barabara mbele ya gari, kila upande, mpaka uzio ulipoishia kinuni.